Namba Sita Kwenye Simu ya Mama

3 Februari

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, unakula kwa wakati na unalala vya kutosha, maana ukiwa peke yako huwa unasahau vyote viwili. Huku hatujambo. Shemeji yako kifua kimemwachia tangu wiki iliyopita, na mimi nipo na cherehani yangu na sare za watoto wa watu, kama kila mwanzo wa mwaka.

Nakuandikia kwa jambo moja. Jumamosi iliyopita, tarehe 31, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, ujumbe uliingia kwenye simu ya mama.

Pengine hujui kwamba bado ninayo. Kila Jumamosi naichaji juu ya meza ya kukatia nguo, ikijaa naizima, naifunga ndani ya kitambaa. Laini naiwekea vocha kidogo wasije wakaikata. Miaka saba hakuna kilichoingia ila matangazo ya kampuni ya simu. Ilipolia siku hiyo, shemeji yako alisimamisha kikombe nusu ya njia, akaniangalia. Nikafungua. Ujumbe unasema: namba yako ya kufungulia Jioni na Mama ni, halafu tarakimu sita.

Mdogo wangu, siku ya tatu baada ya kumzika mama ulisema kwa mdomo wako kwamba blogu yako ile umefunga maoni yake na hutaigusa tena. Nilikuomba hivyo kwa sababu nilichoka kuona watu nisiowajua wakinipa pole kwa mguu wa mama yangu, mguu ulioupiga picha na kuuanika. Ukakubali. Ndicho kitu pekee tulichokubaliana mwaka ule. Sasa unarudi, tena bila kubisha hodi, tena kwa mlango wa mama.

Usinipigie. Simu tumeshaijaribu: dakika ya kwanza salamu, ya pili tunagombana, ya tatu mmoja anakata. Niandikie nielewe unataka nini.

Dada yako


11 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia kifua cha shemeji kimepoa. Mimi afya ninayo, mgongo tu ndio unaolalamika, na utajua kwa nini.

Nisamehe kwa ule ujumbe. Nilidhani laini ya mama ilishakufa zamani. Nilipofungua blogu ile nilikuwa nabadilisha laini kila baada ya miezi miwili, ya mama ndiyo iliyokuwa ya kudumu, nikaiandikisha hiyo. Neno la siri nimelisahau. Nikilibadilisha, namba za kuthibitisha zinakwenda kwake. Sikujua kwamba zinakufikia wewe.

Sasa nikwambie ninachofanya, maana hata hilo hatujaambizana. Ukarani niliuacha. Huu ni mwaka wa tatu nipo kwenye karakana ya miguu bandia. Mtu aliyekatwa mguu anakuja na kigutu chake, tunakifunga kwa bendeji yenye plasta, ikikauka tunaitoa, na ndani yake tunamimina plasta nyingine tupate umbo la kutengenezea kikombe, yaani pale kigutu kitakapoingia. Halafu ni kupiga tupa. Hapa panapobeba uzito punguza, hapa penye mfupa ongeza, na ukikosea kwa unene wa ukucha mtu atatembea hatua kumi na kuanza kulia. Siku nzima nimeinama, nimejaa vumbi jeupe hadi kwenye kope. Fundi Mkuu, bwana mmoja mfupi mwenye ulimi wa wembe, aliniambia mwezi wa kwanza, "Wewe karani una mikono ya kushika kalamu, ila nitakuvumilia." Sasa ananiachia vigutu vya magoti. Dada, sijawahi kuipenda kazi namna hii. Mtu anasimama mara ya kwanza kati ya vyuma viwili, anatazama chini, anatazama mbele, na uso wake unabadilika. Nilitaka kuandika tena kwa ajili ya hayo, nirudi na kazi mpya mkononi, niwaeleze watu juu ya nyayo zao kabla hawajafika kwetu.

Nilitaka hivyo hadi tarehe 27 ya mwezi uliopita.

Siku hiyo alikuja dereva wa lori, ana kisukari, amekatwa chini ya goti. Wakati nampima nikamuuliza kidonda kilianzaje, kama ninavyowauliza wote. Akasema mke wake alikuwa anamtia miguu kwenye maji ya moto na chumvi kila jioni, kwa upendo kabisa, alisoma kwenye simu. Akanitolea simu anionyeshe. Ilikuwa picha ya beseni letu la kijani na mikono yako ndani yake. "Beseni la Dada." Makala yangu.

Dada, mguu wenye kisukari unakufa ganzi kidogo kidogo. Mwenye mguu hajui. Maji yanaweza kumuunguza na yeye anakwambia ni mazuri. Ngozi inatoka lengelenge, lengelenge linakuwa kidonda, kidonda hakiponi. Na mimi nimeandika mle, kwa lugha tamu, kwamba mtu asipime maji kwa mkono wake bali mgonjwa atie mguu mwenyewe aseme. Makala ile imesomwa mara elfu sitini na moja. Inasomwa mpaka leo.

Dereva sikumwambia ni mimi. Nilimaliza kumpima, nikaenda stoo, nikakaa juu ya mfuko wa plasta.

Kuweka maoni chini yake siwezi, niliyafunga ulipoomba. Nimewaandikia wenye mtandao mara nne, inanijibu mashine. Nimefungua blogu mpya, ina wasomaji kumi na wanne, tisa kati yao ni wa hapa karakana. Anayetafuta "miguu na kisukari" anapelekwa kule kwa zamani.

Nakuomba kitu kimoja. Jumamosi tarehe 21, saa tatu asubuhi, nitabonyeza tena. Ujumbe ukiingia, nipatie zile namba sita. Nisalimie shemeji.

Mdogo wako


22 Februari

Mdogo wangu,

Hujambo. Sisi hatujambo.

Ujumbe uliingia jana, tarehe 21, saa tatu na dakika mbili asubuhi. Namba ni 4, 0, 7, 7, 1, 3. Nimezihakiki mara mbili, na shemeji yako amezisoma kwa sauti ili nisikosee. Nimefanya ulichoomba.

Sasa na mimi niulize. Barua yako ina kurasa tatu. Umemtaja dereva wa lori, na mke wake, na Fundi Mkuu, na watu elfu sitini na moja. Mama yetu hayumo. Umemzunguka kama mtu anayezunguka dimbwi asilowe kiatu.

Kusoma najua. Kila jioni, miaka miwili na miezi minne, nilichemsha maji, nikapiga magoti, nikaiosha ile miguu. Ilikuwa saa yetu mimi na yeye. Ananisimulia habari za utoto wake, anacheka, ananiambia, "Bado, mwanangu, ongeza." Na mimi naongeza.

Usinizunguke. Niandikie kwa mstari mmoja. Nilimuunguza mama?

Dada yako


2 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako imefika leo.

Zile namba hufa baada ya dakika kumi. Barua imetembea siku nane. Kosa ni langu, sikukueleza, na wewe ulishanikataza simu. Nilipoziona zimeandikwa kwa mwandiko wako wa daftari, na alama ya mkato katikati ya kila moja, nilianza kucheka peke yangu. Halafu nikasoma chini.

Umetaka mstari mmoja. Nadhani ndiyo, yalikuwa maji.

Daktari wa wakati ule aliandika kwamba ni kiatu. Inawezekana. Lakini sasa naona miguu kila siku na najua kiatu kinaumiza wapi na maji yanaumiza wapi. Kidonda cha mama kilianza juu ya vidole, vyote vitano kwa pamoja. Na ule usemi wake wa "bado, ongeza" nausikia sasa kwa sikio jingine. Alikuwa hahisi. Alikuwa akitafuta joto ambalo mguu wake hauwezi tena kulipata.

Hukujua. Sikujua. Aliyekuwa na wajibu wa kuuliza kabla ya kuwafundisha watu ni mimi.

Dada, wiki iliyopita amekuja bibi mmoja, amekatwa yote miwili. Binti yake ndiye aliyekuwa anamwosha. Nikamuuliza kama alisoma mahali. Alisoma. Anakumbuka hata sentensi zangu, alinitamkia moja neno kwa neno huku mama yake anasikiliza, na mimi nimeshika futi ya kupimia sijui nitazame wapi.

Jumamosi tarehe 14, saa nne kamili asubuhi, washa simu ya mama. Nitabonyeza, kisha nitakupigia wewe papo hapo. Hatutasalimiana, hatutagombana. Namba sita tu, kisha ukate.

Mdogo wako


15 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini mko salama.

Jana nilibonyeza saa nne kamili, saa nne na robo, saa nne na nusu, saa tano, saa sita. Nilikupigia mara kumi na moja. Mara ya mwisho alipokea shemeji. Akasema, "Shemeji, dada yako yupo, ila hayupo." Nikamuuliza maana yake nini. Akasema hata yeye ndivyo anavyoishi naye tangu barua yangu ilipofika.

Simu ya mama haipatikani.

Nipo chini ya miguu yako. Nitukane, nitakubali, lakini washa simu.

Mdogo wako


30 Mei

Dada yangu,

Shikamoo.

Sijui kama barua zangu unazifungua. Nimetuma nne tangu Machi, hii ni ya tano, na nitaifanya fupi labda uisome kabla hujaamua kutoisoma. Jana nilimwambia Fundi Mkuu kila kitu. Aliacha tupa chini. Akasema, "Miaka yote natafuta wateja wanatoka wapi. Kumbe anayewaleta nimemwajiri hapa ndani." Alikuwa anatania, namjua. Halafu akaona uso wangu, akaondoka bila kumaliza chai.

Nimekuwa naifungua ile makala kila asubuhi kabla ya kazi, naangalia tarakimu. Elfu sitini na tatu, mia nne na kumi na mbili. Kila mmoja ana beseni nyumbani.

Mdogo wako


4 Novemba

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Sisi tu wazima, ingawa shemeji yako amechoka nami, na ana haki.

Barua zako zote nilizisoma. Nitakwambia yaliyotokea kwa mpangilio, kama nilivyoyaandika kwenye daftari langu.

Tarehe 10 Machi, jioni, baada ya kusoma ule mstari wako mmoja, niliitoa laini ya mama kwenye simu, nikaikata kwa mkasi wa kukatia nguo vipande vinne, nikavitia jikoni kwenye moto. Sitakudanganya kwamba nilikuwa sijui ninachofanya. Nilijua. Nilisema kama ni lazima dunia nzima iambiwe kwamba nilimuunguza mama, basi isipitie mikononi mwangu.

Halafu nikakaa. Miezi minane, mdogo wangu, nimekaa. Nashona, napika, najibu salamu. Siwezi kuchemsha maji ya kuoga bila kuyatazama.

Nilikuwa na mchezo mmoja wa kijinga. Siku nikizidiwa napiga namba ya mama, nasikia ile sauti ikisema haipatikani, nakata. Tarehe 18 Oktoba nikapiga. Ikaita. Mwanamke akapokea, "Haloo, nani mwenzangu?" Nyuma yake vyombo vinagongana na mtu anaulizia mwiko. Nilikata nikakaa sakafuni. Kampuni ya simu imempa mtu mwingine ile namba.

Ndipo nilipoteremsha madaftari. Unajua naandika kila siku tangu nilipomaliza kidato cha nne. Nilitaka kukuonyesha tarehe kwa tarehe kwamba nilikuwa mwangalifu, kwamba umenisingizia. Haya ndiyo niliyoyakuta, nanakili kama yalivyo:

"6 Juni. Maji nimepima kwa kiwiko. Mama kasema yamepoa. Nimekataa kuongeza, kaninunia."

"11 Julai. Kiwiko. Mama analalamika. Nimesema yanatosha."

"20 Agosti. Mdogo wangu yuko likizo. Kaniona napima kwa kiwiko akacheka, kasema mama si mtoto mchanga, mwacheni apime mwenyewe, miguu ni yake. Mama kafurahi. Nimeongeza mara mbili."

"21 Agosti. Mama kasema hajawahi kuoga miguu vizuri hivi. Mdogo wangu kapiga picha."

"19 Septemba. Malengelenge juu ya vidole, mguu wa kulia. Nadhani ni viatu vipya."

Nilipofika hapo, nitakuambia ukweli, nilifurahi. Nilinakili kurasa hizo siku hiyo hiyo nikazitia kwenye bahasha bila salamu wala jina, zikupige usoni kama kofi. Bahasha ilikaa mezani siku kumi na moja. Shemeji yako akauliza, "Hiyo hutumi?" Nikasema natafuta stempu. Akasema, "Stempu zipo kwenye droo." Nikasema nazitafuta hizo hizo.

Leo nimeichana, nimeandika upya hii yenye salamu. Kwa sababu wewe ulisema jioni moja, ukarudi kazini kwako. Mimi niliongeza maji kila siku baada ya hapo, kwa mkono huu huu uliokuwa unajua kupima.

Dada yako


14 Novemba

Dada yangu,

Shikamoo. Nashukuru kwa salamu. Ungetuma ile bahasha ya kwanza ungekuwa na haki.

Nakumbuka siku ile. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe, najiona mtu wa mjini aliyekuja kumtetea mama. Ile sentensi ya "mwacheni apime mwenyewe" niliipenda sana nikaiweka kwenye makala. Ndiyo ambayo yule binti alinitamkia neno kwa neno.

Siku mbili sikwenda kazini. Sikuumwa, nililala tu nimeelekea ukutani. Siku ya tatu Fundi Mkuu akaja mwenyewe hadi chumbani, akasimama mlangoni bila kuvua kofia.

"Unaumwa?"

"Hapana."

"Umefiwa?"

"Zamani."

"Basi inuka. Dereva wa lori kikombe cha mguu wake kinamchuna, na anasema mkono mwingine hautaki, anautaka wako."

Nikamwambia sistahili kumgusa yule mtu. Akasema, "Hilo la kustahili kaliongee na mto wako. Yeye anataka kutembea." Nikaenda. Nilimtengenezea hadi jioni, na kabla hajavaa suruali nikamwambia. Kwamba makala ni yangu. Hakunipiga. Aliupapasa ule mguu mpya kama mtu anayekagua gurudumu, akaniuliza, "Na mke wangu atajuaje kwamba siyo yeye? Maana haniangalii machoni tangu hospitali." Nikasema nitaandika pale pale aliposoma. Akasema, "Lini?"

Jana nikafanya kosa jingine. Nilipiga ile namba ya mama mwenyewe. Yule mwanamke alinisikiliza dakika nzima, nadhani nilikuwa naongea mbiombio. Nilipofika kwenye namba sita akasema, "Kijana, namba za kwenye simu yangu hata mume wangu simpi. Katafute mjinga mwingine." Akakata, na tangu hapo siwezi kumpata. Amenifungia. Simlaumu, kila siku tunaonywa juu ya watu wanaopiga kuomba namba.

Mlango uliuvunja wewe, na dirisha nimelivunja mimi. Elfu sitini na saba. Sijui nifanye nini tena.

Mdogo wako


2 Desemba

Mdogo wangu,

Natumaini umeinuka kitandani, na kwamba umeinuka kila siku. Sisi hatujambo.

Nimekwenda kumwona.

Nilimpigia kwa simu ya shemeji yako. Nikamwambia ukweli wa kwanza uliokuja mdomoni, kwamba namba anayoitumia ilikuwa ya mama yangu na mama amefariki. Akasema, "Ndiyo maana naulizwa kama nimepona." Kumbe shangazi zetu wawili, wakitaka kunijulia hali mimi, hukosea majina kwenye simu wakampigia yeye. Ni mpishi wa shule ya bweni, mwendo wa saa tano kutoka hapa. Nikamwomba nije. Akasema, "Njoo, ila ukija na yule kaka yako mwenye haraka nawafukuza wote wawili na upawa."

Nilifika tarehe 28. Jiko ni banda refu, sufuria zake mtu anaweza kujificha ndani. Yeye ni mwanamke mnene, mtaratibu, analamba chumvi kiganjani akipima. Hakunikaribisha kiti, alinipa kisu na kikapu cha vitunguu. Nikamenya, nikasimulia. Nilimpa cheti cha kifo cha mama, kitambulisho changu, na madaftari matatu ya miaka ile. Akafuta mikono, akayasoma amesimama, ukurasa kwa ukurasa. Ulipofika wakati wa kugawa chakula akagawa, akarudi akaendelea.

Halafu akasema, "Sasa nionyeshe hiyo makala yenyewe." Akaisoma yote kwenye simu yake, polepole, midomo inacheza. Nikamuuliza anaonaje.

"Imeandikwa vizuri mno," akasema. "Ndiyo ubaya wake. Hata mimi hapa nimetamani kumwosha mtu miguu."

Nikalia mbele yake, mdogo wangu, mara ya kwanza tangu Machi. Akaniacha nilie. Akasema, "Kama ni vitunguu lia, kama ni hilo jingine pia lia, mimi natazama sufuria."

Amekubali, kwa masharti. Simu haitoki mkononi mwake. Mimi nikae karibu naye. Namba atakutajia mwenyewe, mara moja, na ukishamaliza ubadilishe uandikishe namba yako, kwa sababu hataki kuishi na mlango wa watu mfukoni mwake. Jumamosi tarehe 12 Desemba, saa nne asubuhi, kabla hajapakua uji. Nitakuwa pale tangu saa tatu. Atakupigia yeye. Pokea, usiongee sana.

Na mimi nina masharti yangu. Uandike kiwiko. Uandike ulichosema na nilichofanya. Usinifanye malaika, na usijifanye shetani ukajaza ukurasa kwa kujilaumu, maana kuna mtu atasoma huku maji yanachemka jikoni kwake na hana muda wa majonzi yetu. Jina la mama usilitaje. Kwenye picha kata beseni, mikono yangu iache. Waone ni nani anayesema nao.

Tangu nitoke kule napata usingizi wa saa tatu nne kwa usiku. Sijasema nimepona.

Dada yako


12 Desemba
Jioni na Mama

Msomaji wetu,

Kama mguu wa mgonjwa wako uko ndani ya beseni sasa hivi, utoe kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Makala iliyokuwa hapa ilikuwa na kosa. Mtu mwenye kisukari anaweza kuwa na ganzi miguuni bila kujua. Maji ya moto yanamuunguza naye anasema ni mazuri. Ukimuuliza kama yanatosha, atakujibu yaongezwe. Usimuulize. Maji yawe ya vuguvugu, upime kwa kiwiko chako mwenyewe. Osha, usiloweke. Kausha katikati ya vidole. Kila siku tazama juu na chini ya mguu, na ukiona lengelenge au rangi iliyobadilika, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Dada yangu alikuwa akipima kwa kiwiko. Mimi nilimcheka, nikamwambia mama apime mwenyewe. Dada yangu akakubali. Mama yetu alikatwa mguu, na mwaka uliofuata tukamzika. Nami nilikuwa nimewaandikia ninyi mfanye kama sisi. Leo natengeneza miguu bandia, na baadhi yenu mmenifikia mezani kwangu.

Kwa mke, binti, au mtoto yeyote aliyefuata maneno yetu na sasa hawezi kumwangalia mgonjwa wake machoni: hukuwa mzembe. Ulifanya tulichokufundisha, tena kwa upendo.

Usitusamehe kwanza. Kayamwage maji.

Watoto wa mama